Sufuria ya Simu

Mke wangu Bilha alianguka asubuhi akiwa ameshavaa sare ya kazi, kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi. Jua lilikuwa halijapanda sawasawa wakati daktari aliponishika bega pale hospitalini na kuniambia kwamba mshipa wa damu ulikuwa umepasuka kichwani, wasiweze kufanya lolote.

"Haikuchukua muda," alisema, kama mtu anayetoa zawadi.

Sikulia. Nilimgeukia Chepkirui, binti wa marehemu kaka yangu, ambaye ndiye aliyetufuata na gari nyuma ya ambulensi. Nikamwambia, "Chelagat asijue."

"Baba mdogo, lazima ajue. Ni mama yake."

"Lazima ajue. Lakini asisome."

Alinielewa, kwa sababu alikuwapo wakati wa Ethan.

Ethan alikuwa mwanangu wa kwanza. Alifariki miaka mitatu iliyopita katika ajali ya gari, kwenye barabara ya kwenda Upper Marlboro. Dada yake Chelagat ndiyo kwanza alikuwa ameingia jeshini, yuko Texas kwenye mafunzo. Kabla sijapata njia ya kumfikia, watu wetu walikuwa wameshaweka picha ya Ethan mtandaoni, ile ya joho la chuo. Chelagat alikuwa kwenye foleni ya chakula, sinia mkono mmoja, simu mkono wa pili. Aliona picha ya kaka yake anacheka, akadhani ni pongezi. Akabonyeza alama ya moyo. Ndipo akasoma maneno.

Baada ya mazishi aliniketisha jikoni, humu humu Adelphi, Maryland, akanishika mikono yote miwili. "Baba, kukiwa na jambo jingine, mtu aje. Hata kama ni mgeni. Mtu aje akae na mimi. Usiniache nisome." Nikaahidi.

Wala hakuniomba jambo geni. Kwetu habari ya kifo haitupwi. Watu hutumwa, huingia, huketi, na mfiwa huona nyuso zao kabla hajasikia neno. Mimi ni Mkipsigis wa Bomet, Bilha alikuwa Mmaragoli, na nyumba yetu tuliijenga kwa Kiswahili, lakini kwa hilo makabila yetu hayakuwahi kugombana.

Sasa Chelagat alikuwa Ujerumani, katika kambi ya jeshi la Marekani iliyo kati ya misitu ya Bavaria. Kikosi chake kilikuwa porini kwenye mazoezi, na simu zao zilikuwa zimekusanywa kabla hawajaingia, maana adui hufuata mawimbi ya simu. Jana jioni Bilha alikuwa ameniambia, akipiga pasi sare yake, "Kesho mtoto anatoka porini." Hiyo kesho ilikuwa leo.

Kutoka hospitalini nilimpigia Genoveva.

Genoveva ni Mngoni wa Songea, ameolewa na sajini Mmarekani, na wanaishi kijijini nje ya lango la kambi. Tulimfahamu kiangazi kilichopita, mimi na Bilha tulipokwenda kumtembelea binti yetu. Nakumbuka tulipita lango lenye askari na mara tukawa Maryland tena: barabara pana, basi la shule la manjano, duka kubwa lenye mikate ile ile na maziwa yale yale, bei kwa dola. Bilha alisimama mbele ya rafu ya siagi ya karanga akaniambia, "Baba Ethan, tumekaa kwenye ndege usiku kucha kuja kununua vitu vya Langley Park?" Nje ya lango ndiko kulikuwa na Ujerumani, na kanisa lenye mnara wa mviringo kama kitunguu, na wazee wanaofagia mbele ya milango yao. Ndani kila familia ni mgeni. Hukaa miaka michache ikahamishwa. Labda ndiyo sababu wanabishiana hodi sana, huyu na sahani ya keki, yule na mtoto wa kuangaliwa. Ndivyo Genoveva alivyotujia, na unga wa mahindi alioufuata mbali kwa treni, na Bilha akasonga ugali jikoni kwake.

"Shikamoo baba! Habari za huko?"

"Marahaba. Genoveva, umekaa?"

Mtu wa kwetu akiulizwa hivyo anajua.

"Niambie tu, baba. Ni nani?"

"Bilha."

Nilisikia kitu kikiwekwa mezani. "Mama? Mama huyu huyu aliyesonga ugali kwangu?"

"Huyo huyo."

Alilia kidogo, kisha akajikohoza. "Chelagat anajua?"

"Hajui. Anatoka mazoezini leo. Nataka umfikie kabla hajarudishiwa simu."

"Baba, mimi si mtu wa jeshi, ni mke wa mtu wa jeshi. Bwenini kwao siingii hivi hivi. Ngoja nimpate kasisi wa kambi, yeye hakuna mlango unaomkataa. Mwanangu Tito namwachia jirani, yule bibi Mjerumani anayefuga kuku. Natoka sasa hivi."

Chepkirui naye alikuwa akiongea na Msalaba Mwekundu, kwa sababu ndiyo njia inayotambuliwa ya kumpelekea askari habari za msiba. Wangethibitisha kwanza na hospitali, kisha ujumbe upite kwa wakubwa wake. Sikuwa na neno nao. Lakini nilitaka pia uso ambao mtoto wangu anaujua.

Tuliporudi nyumbani, Ezekiel alikuwa ameshafika mlangoni. Ezekiel ni katibu wa chama chetu cha kusaidiana, kijana wa miaka hamsini, mwepesi kwenye misiba kuliko wazima moto.

"Pole sana, mzee. Bwana ametoa, Bwana ametwaa." Simu ilikuwa mkononi. "Tangazo liko tayari. Nimetumia ile picha ya kitenge cha buluu. Nikibonyeza tu, watu mia nne wanajua. Maombi ni leo jioni, sivyo?"

"Usibonyeze."

"Mzee?"

"Chelagat hajaambiwa. Usibonyeze."

"Lakini watu wanauliza, mzee. Wengine wameshasikia huko hospitalini. Tukikawia watasema chama kimelala. Na siku hizi habari haizuiliki. Ni kama kuzuia moshi kwa mikono."

"Basi leo tutauzuia kwa sufuria."

Niliingia jikoni nikatoa sufuria kubwa ya Bilha, ile iliyokuwa ikipika wali wa harusi za watu na matanga ya watu. Nikaiweka sakafuni, ndani tu ya mlango. Watu walikuwa wameanza kupanda ngazi. Nikawaambia, "Anayeingia kunipa pole aweke simu yake hapa. Asiyeweza, namshukuru kwa kuja, na ngazi zile pale."

Edah ndiye aliyekuwa mbele. Alifanya kazi na Bilha katika nyumba ya wazee miaka yote hiyo. Aliitazama sufuria, akanitazama mimi.

"Shemeji, hii simu nimelala nayo kuliko nilivyolala na marehemu mume wangu," alisema. Kisha uso wake ukavunjika, akaiweka ndani, akaenda kuketi mahali ambapo Bilha alipenda kuketi, akaruka kama aliyeungua, akahamia kiti kingine.

Waliofuata waliweka. Mwisho akaja Ezekiel mwenyewe, akainama, akaitumbukiza yake polepole kama mtu anayezika.

"Na ile nyingine," nikamwambia.

"Hiyo ni ya kazi, mzee."

"Hata mimi niko kazini."

Akaitoa mfukoni.

Tulibaki na mbili tu, ya Chepkirui na yangu. Niliketi katikati ya wageni nikiwa nimenyooka. Watu walinitazama wakingoja nilie, nami nilikuwa nikihesabu matundu ambayo moshi ungepenya. Chelagat ana marafiki Boston. Ana binamu Kericho. Kila mmoja ana kidole.

"Baba mdogo," Chepkirui aliita kwa sauti ndogo kutoka jikoni. Alinionyesha simu yake. Mama mmoja wa Fairfax, ambaye Bilha alikuwa akimshonea vitenge, alikuwa ameandika: *Lala salama Mama Ethan, umetuacha mapema.* Na chini yake alikuwa ameweka jina la Chelagat, ili ujumbe umfikie.

"Mpigie aufute."

"Nimempigia mara nyingi. Ni nesi, yuko zamu. Simu yake iko kwenye kabati fulani la hospitali."

Nilishika ukingo wa sinki. Niliwahi kufikiri kwamba mtu akijifunza, akafanya kazi mchana na kwenda shule ya jioni hadi mvi zikamwota, hakuna mlango utakaomshinda. Sasa nilikuwa nimesimama mbele ya maneno sita, na sikuwa na mahali pa kugonga.

Simu yangu ikalia. Alikuwa Genoveva. "Baba, tuko langoni, mimi na kasisi. Saa zote hizi nilikuwa namtafuta. Yeye ndiye anaendesha. Foleni ni ndefu, ndiyo saa ya watu kutoka kazini, na leo wanakagua kila gari. Usikate."

"Sikati."

Hapo ndipo jogoo alipowika chumbani.

Kila mtu pale sebuleni aliujua mlio ule. Bilha aliuweka kwenye simu yake kwa ajili ya mtu mmoja tu, ili hata akiwa amelala asiukose. Nilikuwa nimekusanya simu za Maryland nzima nikaisahau ya marehemu mwenyewe. Ilikuwa ndani ya mkoba wake wa kazi, juu ya kitanda, mahali alipouacha ili avae viatu.

"Usishike!" Edah alisema. "Shemeji, akisikia sauti yako badala ya ya mama yake, si atajua?"

"Asiposhikiwa atafungua kwingine," Chepkirui akasema. "Atakutana na yule wa Fairfax."

Jogoo aliwika tena. Niliingia chumbani nikampa Chepkirui ile simu yangu yenye Genoveva. Nikatoa ya Bilha kwenye mkoba. Kwenye kioo chake palikuwa pameandikwa *Mtoto wangu.*

Nikashika.

"Mama! Nimetoka! Mama, ninanuka kama beberu, sijaoga sawasawa tangu—"

"Chelagat."

"Baba?" Mara moja akabadili lugha, akaingia Kiingereza. Ndivyo tulivyozoea. Walipokuwa wadogo niliweka sheria kwamba pamoja nami watazungumza Kiingereza, kizuri, chenye sentensi zilizokamilika, ili asiwepo mtu katika nchi hii wa kuwacheka kama nilivyochekwa. Kiswahili kilikuwa cha mama yao. Akaniuliza simu ya mama nimeipataje.

"Ililia nikaishika."

"Mama yuko wapi?"

Sijawahi kumdanganya mtoto wangu. "Hayuko nyumbani."

"Ameenda kazini bila simu? Mama?"

"Alikuwa amevaa sare yake."

Mlangoni mwa chumba watu walikuwa wamejazana. Waliinamisha vichwa wote kwa pamoja.

"Baba," Chelagat alisema polepole, na sasa naye alirudi kwenye Kiswahili. "Mbona unaniongelesha Kiswahili?"

Sikuwa nimejua. Nilitafuta Kiingereza changu chote, miaka yote ile ya shule ya jioni, na hakikuwepo. Nikasema, "Niambie mlikula nini huko porini."

Alicheka, kicheko kifupi. "Wewe unaniuliza chakula?"

"Nakuuliza."

"Tulikula vile vya pakiti. Siku moja askari wa Poland tuliokuwa nao walitupa supu nyekundu, tamu kweli. Kulikuwa na matope, baba. Gari letu lilizama hadi mlangoni, tukalivuta— Ngoja. Ngoja kidogo. Simu inatetemeka, meseji zinaingia nyingi. Hebu nione—"

"Usione!"

Sauti yangu iligonga kuta. Edah alijiziba mdomo.

"Baba?"

"Usione. Sijamaliza kuongea na wewe. Niambie... lile duka. Duka kubwa la hapo kambini. Bado wanauza siagi ya karanga?"

Nilimsikia akipumua. Chepkirui alisimama karibu nami, ile simu nyingine mkononi, na kwa sikio la pili nikamsikia Genoveva: "Tumeingia, baba, tumeingia! Naliona bweni lao, lile pale mbele—" Kisha akakatisha. "Jamani. Tarumbeta."

Nililiona jambo hilo kiangazi kile. Kila jioni bendera inaposhushwa, tarumbeta hulia kwenye vipaza sauti vya kambi nzima, na kila kitu husimama. Magari husimama palipo, watoto huacha baiskeli, wenye sare hupiga saluti. Bilha ilimkuta na aiskrimu mkononi. Aliganda kama nguzo, aiskrimu ikamtiririka hadi kwenye kiwiko, wala hakuilamba hadi mwisho.

"Gari la mbele limesimama," Genoveva alinong'ona. "Kasisi ameshuka, anapiga saluti. Baba, siwezi kukimbia sasa, watanizuia. Niko hapa tu. Naliona dirisha."

Tarumbeta ililia katika simu aliyoishika Chepkirui. Na ililia pia katika sikio langu lingine, kupitia dirisha la chumba cha mwanangu, sauti ile ile, ikichelewa kidogo. Nilimwashiria Chepkirui aondoke, aende jikoni, aende popote.

Nilikuwa nimechelewa.

"Baba, huko kwenu kunalia nini?"

"Wapi?"

"Nasikia tarumbeta hapa dirishani. Na nyingine iko ndani ya simu. Iko nyuma yako." Sauti yake ilikuwa imekuwa nyembamba. "Unaongea na nani wa hapa kambini?"

Tarumbeta ilimaliza huku na huko. Mbali, ndani ya simu, nikasikia mlango mzito, kisha viatu vinavyopanda ngazi.

"Kuna mtu anabisha," Chelagat alisema.

"Ndiyo."

"Namwona kwenye tundu la mlango. Ni Mama Tito. Amejifunga kanga begani. Yuko na kasisi. Baba, hapa kasisi hapandi ngazi za mtu hivi hivi."

"Mama—" Ndivyo nilivyomwita alipokuwa mdogo, kwa kuwa ana paji la uso la mama yangu.

"Usiseme. Tafadhali usiseme. Nisipofungua, si bado hujaniambia? Wacha tuendelee tu. Uliniuliza siagi ya karanga. Wanauza, baba. Wanauza ile laini, na ile yenye chengachenga anayoipenda mama."

"Na mkate?"

"Na mkate pia. Ule ule. Niulize kingine."

Hodi ilipigwa tena, kwa upole, na nikamsikia Genoveva akiita jina lake. Watu wote mlangoni mwa chumba changu walinitazama. Ningeweza kumuuliza kingine. Nilikuwa na maswali ya miaka yote ambayo nilikuwa nimempa simu mama yake baada ya salamu. Ningeweza kumweka pale, upande wake wa mlango, bado ana mama, hadi betri iishe.

"Fungua mlango, mama," nikasema.

Nilisikia kitasa kikizunguka. Nilisikia Genoveva akisema, "Njoo. Njoo hapa kwangu." Kisha simu ikaanguka sakafuni.

Nilikuwa nimeamini kwamba kilio cha mtu aliyeshikwa ni kidogo kuliko cha mtu aliye peke yake. Kwa imani hiyo nilikuwa nimewanyang'anya watu simu zao na kumfungia machozi kooni kila aliyekuja kunipa pole. Hakikuwa kidogo. Kilitoka Bavaria kikajaza chumba, na Edah akakidaka, na wanawake wengine wakakidaka kutoka kwake, hadi jirani zetu kutoka El Salvador wa ghorofa ya juu wakasimamisha muziki wao. Lakini ndani ya kile cha mwanangu nilisikia sauti ya pili, ya Genoveva, akilia naye kwa kupokezana, na chini yao sauti ya mwanamume akisali taratibu. Nilizishika hizo mbili. Sikuwa na kingine cha kushika.

Ezekiel alikuja akachuchumaa mbele yangu.

"Chukua simu yako," nilimwambia. "Sasa bonyeza."

Alikwenda hadi kwenye sufuria. Nilimwona akiinama, mkono ukaingia, kisha ukatoka mtupu.

"Ngoja kwanza, mzee," alisema. "Watu watangoja."

Niliketi kitandani upande wa Bilha, simu yake sikioni. Kile kiatu kilichokuwa mkononi mwake kilikuwa bado kipo pale zuliani kilipoangukia, kamba zimelegezwa tayari kwa mguu. Huko Ujerumani hakuna aliyekumbuka kuiokota simu kutoka sakafuni. Nami sikuikata.